Jina la Akinyi lilikuwa kwenye mfano wa mazishi: nilivyobaki na manual ya programu ya marehemu mume wangu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nimepita kwenye nyuzi zenu miaka mingi bila kusema neno. Juzi kuna mtu aliuliza kama kitu cha kompyuta kinaweza kumtia mtu mzima hofu mpaka akose usingizi, na wengi wakamcheka.

Mimi sikucheka.

Nikasema wacha niandike yaliyonipata. Sitaongeza chumvi. Mahali nisipojua, nitasema sijui.

Shule niliacha Form Two. Baadaye nikasomea typing kwenye polytechnic ya kijijini kwetu Kakamega. Kwa hivyo maisha yangu mengi nimechapa maneno ya watu wengine, haya ya leo ndiyo yangu. Mnivumilie.

Mume wangu aliitwa Ouma. Mtu wa Siaya. Yeye Mjaluo, mimi Mluhya, na tulipanga chumba Kawangware, Nairobi, kwenye plot ya Mzee Mbugua, mwenyeji wa pale ambaye ardhi aliirithi kwa baba yake. Hii ni miaka ya tisini.

Ouma alikuwa anafundisha kompyuta kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa. Vijana wa siku hizi mnaweza msielewe kompyuta ya wakati ule. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, hakuna mouse, hakuna picha. Ukikosea inakupigia kelele.

Sasa Ouma alikuwa ametengeneza programu yake ndogo ya kuandika notes na kupanga kazi. Aliiita Nyota.

Ilikuwa maandishi matupu. Ukianza mstari kwa nyota moja, hilo ni jambo kubwa. Nyota mbili, hiyo ni kazi iliyo chini ya jambo hilo. Kila kazi inaandikwa BADO, na ikiisha unabonyeza kitufe, BADO inageuka TAYARI.

Ni hayo tu. Lakini kwa watu ambao mipango yao yote ilikuwa inakaa kichwani, ilikuwa maajabu.

Waliopenda Nyota kuliko wote walikuwa chama cha mazishi.

Wale mnaojua watu wa ziwani, Wajaluo wenzake Ouma, mnajua hili. Mtu akifia Nairobi hazikwi Nairobi. Lazima afike nyumbani. Na kumfikisha ni kazi: kumtoa hospitali, sanduku, gari, watu wa kutangulia kuchimba, chakula cha waombolezaji. Kitu kimoja kikisahaulika, aibu inabaki kwa ukoo.

Chama kilikuwa na kompyuta moja kuukuu waliyopewa na wafadhili, ilikaa kwenye ofisi ndogo hapo hapo kwa Mzee Mbugua. Viongozi wa matawi walikuwa wanatembea kutoka Kibera kuja kuitumia, kila mmoja na kitabu cha maelekezo kwapani.

Kitabu hicho, ile manual ya Nyota, ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Ouma hakuwa mtu wa kutulia. Leo kitufe hiki kinafanya hivi, baada ya wiki mbili amekihamisha. Kila akibadilisha, mimi nachapa ukurasa upya, natoa kwenye printa ile ya kelele, napeleka fotokopi, halafu nazunguka Kawangware na Kibera nikibadilisha kurasa kwenye vitabu vya watu.

Nilikuwa na sheria moja. Nikikupa ukurasa mpya, unanirudishia wa zamani. Kitabu chenye kurasa mbili zinazopingana ni kibaya kuliko kukosa kitabu. Watu walikuwa wananitania, "Mama Karatasi amefika, ficheni!"

Haya. Sasa tufike kwenye mifano.

Manual bila mifano haisomwi. Hilo Ouma alilijua. Na alikuwa na msimamo kwamba watu wetu hawaelewi ukiwaandikia "Bwana Fulani". Waandikie mtu wanayemjua.

Basi Jumapili moja kwenye mkutano wa chama akasimama, akasema anatafuta majina ya kutia kwenye sehemu ya kupanga mazishi. Ya mfano tu.

Mama mmoja akajifanya anafunga mtoto mgongoni.

Mzee Odhiambo, mweka hazina wetu, akainua fimbo yake. "Niandike mimi! Mimi nimekataa kufa tangu vita vya Wazungu!"

Watu wakacheka. Ouma akasema, "Na mfano wa pili niandike mwenyewe, msije mkasema nawaombea kifo."

Halafu kutoka nyuma tukasikia sauti ya Akinyi. Akinyi alikuwa rafiki yangu, anauza blauzi za mitumba Soko la Toi, anaishi Gatwekera, kule Kibera. Mdomo wake ulikuwa hauna breki. "Kwani wanawake hatuzikwi? Niandike wa tatu. Lakini gari langu liwe na redio, mimi siwezi kwenda Siaya kimya kimya kama gunia!"

Mkutano ukavunjika kwa kicheko.

Mimi sikucheka sana. Jioni nikamwambia, "Baba, kwetu hatusemi mazishi ya mtu ambaye bado anakula."

"Ni mfano."

"Hata mfano."

"Mama, hiyo ni karatasi tu. Wewe chapa."

Nikachapa. Mfano wa tatu ulikuwa hivi, bado naukumbuka:

* Mazishi ya Akinyi
 ** TAYARI kumtoa hospitali
 ** BADO sanduku
 ** BADO gari la kwenda nyumbani
 ** BADO watu wa kutangulia

Ouma alitaka mstari mmoja uwe TAYARI ili watu waone tofauti. Wakuu, kumbukeni mstari huo wa hospitali, maana ndio ulioleta shida yote.

Kabla ya mwaka kuisha, Mzee Odhiambo alianguka akitoka kuoga. Akapelekwa hospitali, akatolewa mochwari.

Alikuwa mzee. Hakuna aliyesema kitu. Mtu mmoja tu alitania kwamba afadhali mpango wake ulikuwa umeandikwa mapema.

Halafu Ouma akaugua.

Hapa sitaandika mengi. Homa, kukonda, kupata nafuu, homa tena. Siku ya mwisho alivaa viatu vyake mwenyewe akaenda hospitali kwa miguu, nikiwa nyuma yake na blanketi. Hakurudi.

Katibu wa chama aliniomba msamaha, lakini hapakuwa na mtu mwingine anayejua Nyota vizuri. Kwa hivyo mimi ndiye niliyekaa kwenye kompyuta kupanga mazishi ya mume wangu. Nikafungua faili ili nianze kuandika.

Ilikuwa tayari imeandikwa. Mfano wa pili wa manual, mifano yote ilikuwa imehifadhiwa humo humo. Jina, sanduku, gari, kila kitu, kwa vidole vyangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe tu. BADO, TAYARI. BADO, TAYARI.

Huko Siaya sikulia. Kule kwao maombolezo ni ya sauti. Watu wanakimbia wakiingia bomani, wanamwita marehemu kwa jina, wanamwambia mambo, wengine wanamgombeza kabisa kwa nini ameondoka. Mimi nilisimama pale kama mti wa stima. Nilisikia mashemeji wakisema mke wa Kiluhya ana moyo wa jiwe.

Si jiwe. Sauti haikuja tu.

Niliporudi Nairobi sikuigusa manual miezi kadhaa. Nikawa nachapia watu barua. Na wakati huo minong'ono ikaanza, Kibera mpaka Kawangware.

Kwamba kile kitabu kinaita watu kwa zamu. Wa kwanza ameenda. Wa pili ameenda.

Mimi nilisikia, na sitasema nilipuuza. Nilikuwa nikiona nakala ya manual mezani naifunika kwa kitambaa. Nilikuwa naogopa hata kuchapa jina la mtoto wa jirani kwenye barua ya shule.

Akinyi mwanzoni alicheka nao. Lakini wakati huo alikuwa ameanza kukohoa.

Kitu kilichomvunja kilitokea pale Toi. Wale wa soko wanajua, wauza njugu wananunua karatasi taka za maofisini za kufungia. Akinyi akanunua njugu, akala, akafungua ile karatasi akusanye zile za chini.

Akasoma jina lake. Mazishi ya Akinyi. TAYARI kumtoa hospitali.

Labda ulikuwa ukurasa uliotoka printa ukiwa na wino mbaya, mtu akautupa. Mimi sikuutoa, hilo naapa, sheria yangu mmeisikia. Lakini ulifika mkononi mwake.

Alifunga biashara saa hiyo hiyo, akaacha blauzi zake kwa jirani wa kibanda, akaenda nyumbani akalala. Hakurudi sokoni tena.

Nilipopata habari nilitembea mpaka Gatwekera. Nilimkuta amejifunika leso mbili na joto lote lile, mifupa ya shingo imetokeza. Alikuwa anakohoa kwenye kitambaa, halafu anakikunja haraka nisione. Niliona. Kilikuwa na damu.

"Akinyi, inuka twende hospitali."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Nyar Kakamega," ndivyo alivyozoea kuniita, binti wa Kakamega, "wewe ndiye ulichapa. Mpango wangu unaanzia wapi?"

Nikajifanya narekebisha leso zake.

"Sema. Mstari wa kwanza unasema nini?"

"Kumtoa hospitali."

"Sasa nisipoingia, watanitoaje? Mpango hauwezi kuanza." Akageukia ukuta. "Odhiambo aliingia. Ouma wako aliingia kwa miguu yake. Mimi si mjinga."

Wakuu, mtu akikwambia hivyo unamjibu nini? Hofu ile ile nilikuwa nayo na mimi. Ningemwambia ni upuuzi, angeniona usoni.

Lakini nilijua pia kwamba akibaki hapo kitandani atakufa, kitabu au bila kitabu. Ile damu haikuwa ya kungoja.

Nikamwambia, "Nitafuta jina lako. Leo leo."

Aliinuka kwa nguvu sijui alizitoa wapi. "Usinifute! Unataka kuniua haraka? Kaburi likishachimbwa, linaachwa wazi?"

Hapa niwaeleze wasiojua. Kule kwao, shimo la kaburi likichimbwa haliachwi tupu. Wanaamini litatafuta mtu. Kwa hivyo hata ikitokea limechimbwa kimakosa, lazima kitu kizikwe.

Na mtu akizama ziwani asipatikane, hawamwachi bila kaburi. Wanazika yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kama soseji kubwa. Wanalizika kwa heshima zote, kwa niaba yake. Kwetu Kakamega tunazika shina la mgomba, maana ni ile ile.

Nikamwangalia Akinyi, naye akaniangalia. Sijui nani alifikiria kwanza.

"Yago," akasema.

"Yago," nikasema.

"Niondoe mimi, uweke yago. Na si kwa kompyuta tu. Vitabu vyote. Ukiacha kimoja, hicho ndicho kitanichukua. Ukimaliza uniletee kurasa za zamani nizione kwa macho. Hapo nitaenda hospitali yako."

"Utaenda kweli?"

"Nitaenda. Lakini fanya haraka, kifua hiki hakina adabu."

Nilirudi Kawangware mbio. Nikafungua faili, mfano wa tatu, nikatoa Akinyi, nikaandika Mazishi ya Yago. Nikakosea mara mbili, kompyuta ikanipigia kelele. Nikabadilisha na kwenye diski zote za chama. Printa, fotokopi, nikaanza kuzunguka.

Watu wa chama hawakunisumbua. Ukweli ni kwamba wengi waliutoa ule ukurasa kama mtu anayetoa mwiba. Mama mmoja wa Gatwekera aliushika kwa ncha za vidole. Mwingine alikuwa ametia kitabu chote ndani ya mfuko wa sukari na kukizungushia kamba, hakutaka hata kukifungua. Nilikifungua mimi, nje, yeye akiwa amesimama mbali.

Shida ilikuwa Mzee Mbugua, mwenye plot. Yeye alikuwa na nakala kwa sababu Ouma alimfundisha Nyota ili apange mambo ya wapangaji.

"Nyinyi watu wa ziwa!" akaniambia akiwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. "Mnaogopa karatasi kuliko polisi."

"Mzee, naomba tu ule ukurasa."

"Huu ni wangu. Nilipewa na marehemu. Na huyu Yago ni nani sasa? Ni mpangaji wangu? Anaishi nyumba gani?"

"Ni tunda, Mzee."

"Haiya! Mnazika matunda?"

Watoto wa plot wakacheka. Nikamwambia ukweli. "Akinyi anatema damu. Amekataa hospitali mpaka jina lake litoke kwenye vitabu vyote. Kimebaki chako."

Aliacha kucheka. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kitabu kizima.

"Chukua chote," akasema kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. "Mimi tangu Ouma afe sijakifungua. Kinakaa chini ya Biblia." Halafu akaongeza, "Na jina langu lisiwahi kuingia humo. Hata kwa mfano wa kupaka nyumba rangi."

Kumbe na yeye.

Niliweka kurasa zote za zamani kwenye kiondo nikashika njia ya Kibera. Nilikuwa natembea haraka, karibu nifurahi. Mchana mweupe, watu wengi, redio za vinyozi zinalia.

Nilikuwa navuka reli kuingia Gatwekera nilipokumbuka.

Kulikuwa na nakala nyingine.

Siku ya mazishi, kabla sanduku halijafungwa, mdogo wake Ouma alimwekea miwani yake. Na chini ya mkono wake wa kulia akaweka nakala ya Ouma mwenyewe ya manual, ile ya kwanza kabisa, kwa sababu kaka yake alikuwa anaionea fahari. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Niliona, na sikusema kitu.

Na kurasa zake nilizibadilisha mimi kama za wengine, kwa hivyo mfano wa tatu ulikuwa ndani yake.

Wakuu, nilisimama kwenye reli mpaka mtu akanifokea, "Mama, unangoja treni ikugonge?" Nilimwona Ouma huko chini, miwani yake usoni, na jina la Akinyi chini ya mkono wake.

Nikafikiri. Akinyi hakwenda Siaya, alibaki Nairobi kuangalia watoto wa waliosafiri. Hajui. Mdogo wake Ouma hayupo Nairobi. Naweza kumpa kiondo hiki, nimwambie ndio zote, aende hospitali leo.

Nikiongea ukweli atakataa. Na akikataa, atakufa.

Niliingia bado sijaamua. Akinyi alizipokea zile kurasa, akazipitia moja moja, nyingine na madoa ya mafuta ya taa, akazitia kwenye jiko. Zikawaka.

Akaniuliza, "Ni zote?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikajisikia nikisema, "Hapana."

Nikamwambia. Miwani, mkono wa kulia, kitabu.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alirudi kitandani polepole akalala chali akitazama mabati.

"Basi iko naye," akasema.

"Iko naye."

"Na yeye ndiye mwenye kutengeneza." Akaanza kukohoa, akakohoa muda mrefu. "Huko aliko ana kitabu changu mkononi na ana muda wa kutosha."

Nilijua nimemuua. Hivyo ndivyo nilivyohisi, sitawaficha. Nilikaa chini kwenye udongo, nikashika kichwa.

Jirani alikuwa anakaanga samaki, bado nakumbuka ile harufu.

Kisha Akinyi akasema, bila kunitazama, "Si huwa unabadilishia watu kurasa?"

"Ndiyo."

"Yeye si mwenye kitabu kama wengine? Mbadilishie na yeye."

"Niende Siaya? Nifukue?"

"Nani amesema ufukue? Mimi sina siku za kungoja Siaya. Mwambie hapa. Yeye atabadilisha mwenyewe, si ni fundi?"

"Nimwambieje, Akinyi?"

"Vile watu huwaambia wafu. Ama huko kwenu Kakamega hamna midomo?"

Nikasimama. Nilijiona mjinga kabisa, mwanamke mzima katikati ya chumba. Nikasema, "Ouma."

"Hata mimi sijasikia," Akinyi akasema.

"Ouma!"

"Siaya ni mbali."

"OUMA!"

Na hapo, sijui niseme nini, kitu kilifunguka kifuani. "Ouma! Fungua kitabu! Sehemu ya mazishi, mfano wa tatu! Toa Akinyi! Umenisikia? Toa Akinyi, andika Yago! Ukurasa mpya ninao mimi hapa!"

Nilidhani nitaishia hapo. Sikuishia. Nikamwambia nilimkataza asiandike majina akanijibu ni karatasi tu. Nikamwambia alivaa viatu vyake mwenyewe akaniacha nimeshika blanketi kama mjinga. Nikamwambia nilibonyeza vitufe vyake vyote na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naweza. Nilipiga kelele mpaka mabati yakaitika. Machozi, makamasi, kila kitu.

Majirani walisikia. Na majirani wakisikia kilio kutoka chumba cha mgonjwa, wanajua kimoja tu. Mlango ukajaa watu. Mama mmoja akajitupa chini akaanza, "Uwi! Akinyi ametuacha! Akinyi nyathiwa, mtoto wetu!"

Akinyi akaketi kitandani. "Nani amekufa? Nani amekufa hapa? Nyamaza, Mama Atis! Mimi niko hapa nakuona, na unadaiwa blauzi!"

Yule mama alikimbia. Nusu ya mlango walikimbia naye.

Nilikuwa bado nalia. Akinyi akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia zamani pale sokoni, akasema, "Amesikia. Hata viziwi wa kule Laini Saba wamesikia. Nipe viatu."

Tulienda hospitali mchana huo. Msidhani alikuwa amepona hofu. Getini alisimama, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Askari akatuuliza, "Mnaingia ama mnatoka?"

Akinyi akavuka yeye kwanza.

Ilikuwa TB. Daktari alisema angechelewa kidogo asingekuwa na la kufanya. Dawa ilikuwa ya miezi mingi. Mwanzoni alilazwa, na kila nilipokwenda kumwona nilikuwa nasimama mlangoni mwa wodi kwanza, nahesabu vitanda kwa macho mpaka nifike chake, nione kama kuna mtu. Hofu hiyo sikuweza kuiondoa. Siku moja nilikuta kitanda kitupu nikakaa chini pale pale koridoni. Alikuwa ameenda kuogeshwa.

Lakini alitoka. Alitoka kwa miguu, akanenepa, akarudi Toi.

Manual niliendelea nayo miaka michache, mpaka kompyuta ile ikafa na chama kikanunua nyingine yenye madirisha na rangi, na Nyota haikufungua humo. Mifano yote niliijaza matunda na miti. Hakuna jina la mtu.

Sasa nimejifunza nini?

Kwanza, nyinyi mnaoandika maelekezo ya vitu, vya kompyuta au vya chochote, mfano si kitu kidogo. Watu hawasomi maelezo. Wanasoma mfano, na wanajitafuta humo. Mchague vizuri mnachowaandikia.

La pili sijui kama ni funzo. Mtaniuliza kama naamini kitabu kiliua watu. Mzee Odhiambo alikuwa mzee, na Ouma aliugua ugonjwa wa miaka ile. Naamini hivyo mchana. Lakini sijawahi tena kuandika jina la mtu hai karibu na neno mazishi, na hata hapa kuliandika la Akinyi nimemuomba ruhusa kwanza kwa simu. Yuko nyumbani Siaya, anafuga kuku na kugombana na majirani.

Kwenye simu hiyo nilimuuliza kitu nilichokuwa nimekiogopa miaka yote hii. Kama siku ile ningemdanganya, ningemwambia ndio zote, ingekuwaje?

Nilitegemea aniambie ukweli wangu ndio ulimwokoa.

Akacheka. "Ningeenda haraka zaidi, nyar Kakamega. Ulinichelewesha."

Basi wakuu, mimi nimemaliza. Nyinyi mngekuwa mmesimama mbele yake na kile kiondo, mngesemaje? Nataka kusikia, hata wa kunisuta waje. Na kama kuna mwenye kufiwa humu ambaye sauti yake haijaja bado, aandike tu, nitamsoma.